Ful ya Kilimani, na daftari la till ya njano

Kosa lilikuwa langu. Kwenye kaunta ya hoteli hii ya Kisudani, Kilimani, Nairobi, pamebandikwa till mbili za M-Pesa, yaani namba za kulipia kwa simu, moja kwenye karatasi ya kijani na nyingine ya njano, na mimi siku ile ya kwanza, Agosti 2024, nilikuwa na njaa ya kutosoma. Nikalipa shilingi 650 za ful, tamiya (zile bajia za Kisudani) na chai kwenye ile ya njano. Kijana wa kaunta akatazama simu moja, akatazama simu ya pili, akamwita mwenye hoteli. Mama akatoka jikoni akijifuta mikono, tobe lake la Kisudani amelikaza kiunoni, akasoma ujumbe, akaniambia kwa Kiswahili cha kujifunza ukubwani: "Mwanangu, hii imeshakuwa adesi."

Nikadhani ananitania. Nikamwomba airudishe. Akasema pesa ya till ya njano hairudi, hata kwake yeye mwenye hoteli hairudi. Ila chakula nimekula, kwa hiyo hoteli inanidai 650. Nikiwa nazo nilipe, nikiwa sina nizilete kesho. Nikalipa sahani moja mara mbili, nikatoka nimenuna. Siku tatu baadaye nikarudi, karatasi nikaisoma vizuri, na tangu hapo Jumamosi zangu nyingi zinaishia pale. Basi hii si tathmini ya mpita njia.

Hoteli iko Kilimani, kwenye kichochoro kinachotokea Argwings Kodhek, chini ya ghorofa lenye saluni na fundi simu. Jina haina. Mlangoni kuna ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, Kiarabu juu, Kiswahili chini: ful, chai, kahawa. Meza ni saba. Utaijua kwa harufu ya mafuta ya simsim, na kwa wazee wa Kisudani waliokaa nje na vikombe vidogo, wanabishana kwa sauti ya watu wanaotaka kushikana mashati, kumbe wanajadili mpira.

Nianze na ful, maana ndiyo iliyonirudisha. Ni yale maharagwe makubwa ya kahawia yanayolala motoni usiku kucha kwenye chungu chenye shingo nyembamba. Asubuhi yanateguliwa na kupondwa, na hapa ndipo utakapojua kama mpishi ametoka Sudan au amejifunza kwenye video: Khalti, yule mama mwenye hoteli, anaponda kwa kitako cha chupa ya soda. Si mwiko, si mchi. Chupa ya kioo, iliyoshikwa shingoni, inazunguka ndani ya bakuli mpaka nusu ya maharagwe yamevurugika na nusu bado mazima. Halafu simsim, bizari nyembamba, kitunguu kibichi, nyanya, jibini nyeupe ya chumvi iliyovunjwavunjwa juu. Mkate wa moto pembeni. Sisi wa Mombasa tuliolelewa kwa mbaazi na mahamri tunaweza kujivuna tunavyotaka, lakini ful ile ikikaa tumboni saa mbili asubuhi, saa kumi bado hujatafuta kitu.

Kama mfukoni hamna, omba bush. Ni mkate uliochanwachanwa ukalowekwa kwenye maji ya ful, na unaliwa na watu wanne au watano bakuli moja. Haiko kwenye ubao. Wanaoijua ni waliosoma Sudan, na ninapoiagiza mimi, Mswahili wa Kibokoni, wale wazee wa nje hugeuka wakaniuliza nilikuwa chuo gani.

Nilikuwa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, Khartoum, nikisoma uhasibu. Wakenya na Watanzania tulikuwa wengi pale, wengi zaidi kutoka pwani na Unguja. Tarehe 15 Aprili 2023, Jumamosi, kumi la mwisho la Ramadhani, tuliamka kwa milio ya silaha iliyokuwa ikitoka upande wa Soba na Mji wa Michezo, si mbali na bweni: vita vya jeshi la Sudan na RSF, kikosi cha wanamgambo, vilikuwa vimeanza. Siku za mwanzo tulifuturu kwa maji ya tangi na tende. Kisha basi hadi Gedaref, Gallabat, tukavuka kwa miguu kuingia Metema upande wa Ethiopia. Shahada nilimalizia nyumbani. Leo nafunga hesabu za maduka madogo hapa Nairobi: wenye vinyozi, wenye madirisha ya alumini, mwenye shule ya chekechea mmoja asiyetunza risiti. Nayaeleza haya kwa sababu mtu wa kazi yangu akiona till mbili kaunta moja, kichwa kinamuwasha.

Nikauliza. Till ya kijani ni ya hoteli. Ya njano ni ya takiya moja, jiko la mtaa huko Shambat, Khartoum Bahri, mtaa aliotoka Khalti. Khalti ni mama mdogo, na ndivyo kila mtu anavyomwita, pamoja na askari wa kanjo anayekuja kudai leseni. Alikuwa mwalimu wa jiografia shule ya wasichana. Tangu vita vilipoanza, watu wa mitaani Sudan walijipanga kwenye kile wanachokiita vyumba vya dharura: vijana, wauguzi, walimu, mama wauza chai, wakapika sufuria moja kubwa ya adesi au ya ful kwa siku na kuigawa. Adesi ndizo wabara wanaziita kamande. Ulimwengu uliwasikia zaidi mwaka 2025 walipopewa tuzo ya Rafto ya Norwei na ile ya Right Livelihood ya Uswidi. Khalti habari ya tuzo haimshughulishi. Nilipomletea gazeti akauliza kama ndani yake mna bei ya vitunguu.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba wale wapishi walianzia kwenye maandamano. Mwenyewe alinisimulia huku akichambua adesi kwenye sinia, kidole kikitafuta vijiwe. Desemba 2018 watu wa Atbara waliingia barabarani kwa sababu ya bei ya mkate, moto ukafika Khartoum, na kila mtaa ukaunda kamati yake ya upinzani. Yeye kazi yake ilikuwa orodha: nyumba ipi ina watu wangapi, nani atatoka, nani ana gari, nani ana mgonjwa wa sukari asiyefaa kuachwa peke yake, kisima kiko wapi, mlango upi uachwe wazi wakati wa kukimbia. Rais Omar al-Bashir akaangushwa Aprili 2019. Tarehe 3 Juni waliokaa mbele ya makao makuu ya jeshi wakavamiwa, watu zaidi ya 100 wakauawa, intaneti ikazimwa. Na tarehe 30 Juni, bila intaneti, mamia ya maelfu walitoka tena kote nchini. Mtu anaweza kujiuliza waliitana vipi. Waliitana kwa orodha zile, mlango kwa mlango, kwa karatasi na kwa maandishi ya ukutani. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 25 Oktoba 2021 wakaanza upya, karibu kila wiki, na vijana wakaendelea kupigwa risasi.

"Vita vilipofika," alisema, "orodha ilikuwa ile ile. Tuligeuza safu moja tu. Palipoandikwa nani atatoka, tukaandika sahani ngapi."

Kuna maneno kwenye kopo la chuma pembeni ya sukari. Wasudani waliyaweka kwenye masinia ya kuchangishana pale kwenye kikao cha 2019: kama unacho weka, kama huna chukua. Ndiyo maneno pekee ya mapinduzi yaliyomo humu ndani. Hakuna bendera, hakuna picha ya shahidi ukutani, hakuna "Hapana kwa vita". Wateja wengine hilo linawauma, na nimeshuhudia likiwauma kwa makelele.

Siku niliyoishuhudia ilikuwa ya Februari 2025. Mtakumbuka, RSF na washirika wao walikuwa wamekuja KICC, lile jumba la mikutano hapa hapa Nairobi, kutangaza mkataba wa serikali yao, serikali ya Sudan ikamwita nyumbani balozi wake, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwa ya kwanza. Vijana sita walikaa meza ya katikati. Mmoja alikuwa amechukua boksi la mafuta ya kupikia, amelipasua, anaandika bango kwa kalamu nene. Wakamwambia Khalti afunge hoteli waende wote, mama mtu mzima akisimama mbele kamera zitamfuata. Yeye alikuwa na sinia lake magotini.

"Nendeni," akasema. "Lakini boksi mnirudishie. Nimelipangia vitunguu."

Yule mwenye kalamu akasimama. Alisema maneno mazito, kwamba watu wa Shambat wameibiwa mpaka milango na walioiba wako kilomita tatu kutoka hapa wanakunywa maji ya chupa, na wewe unachambua kamande. Hoteli ikanyamaza hata ukaisikia friji. Khalti hakupandisha sauti. Sijui kama nitayaweka sawasawa, maana alichanganya lugha tatu, lakini alisema hivi: maandamano ni barua. Al-Bashir alikuwa anaisoma, kwa chuki lakini anaisoma, kwa sababu aliuhitaji mji: benki zifunguliwe, mabasi yatembee, bandari ipakue. Mji ukigoma siku mbili anapungukiwa. Hawa majenerali wawili, wa jeshi na wa RSF, mji wameshaubomoa wenyewe, na dhahabu inayowalisha haichimbwi Shambat. "Niiandike barua, sawa, mkono ninao. Nimpelekee nani?"

Wakaenda. Wakarudi jioni, bango limekunjika pembe. Boksi akalipokea, akaweka vitunguu upande usio na maandishi.

Msimfikirie kuwa ni mtu wa kudharau barabara. Juni 2024, vijana wetu walipotoka kuupinga Mswada wa Fedha, kijana wa kaunta ananiambia hoteli ilikuwa wazi mpaka usiku, maji bure, na Khalti akiwafundisha Wakenya habari ya siki kwenye kitambaa dhidi ya gesi ya machozi. Nilipomkumbusha hilo akajibu kwamba Kenya bado kuna mtu wa kuisoma barua, hata akiichana.

Hoja iliyomtikisa kweli, naona mimi, ilitoka kwa daktari mmoja wa Omdurman, mzee mpole, anakunywa kahawa ya tangawizi bila sukari. Yeye hakutaka maandamano. Alisema: mnawapunguzia mzigo. Jeshi lolote likiona raia wanajilisha wenyewe litapata sababu ya kutowalisha, na wafadhili nao watapiga picha sufuria yenu waseme kumbe Wasudani wanajiweza. Khalti akamwangalia muda mrefu. Akasema, "Kweli." Akainuka, nikadhani ameshindwa. Akarudi na kauntabuku.

"Mwenye ufunguo wa stoo yetu amechaguliwa," akasema. "Tumechagua mara tatu tangu vita vianze. Wa pili tulimtoa kwa kumpa shemeji yake lita nne za mafuta. Haya, nitajie mwingine yeyote Sudan leo aliyechaguliwa. Na aliyetolewa."

Daktari akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Hakusema amekubali, na Jumamosi iliyofuata walianza upya palepale.

Sasa lile daftari. Niliomba nilione, kwa adabu, kama mtu wa kazi. Nilitarajia visingizio, nikapewa na chai juu. Ni kauntabuku nene ya jalada jeusi, na ya pili imeshaanza. Kila mstari una tarehe, kilichoingia, makato, kilichonunuliwa, sahani. Nitoe mfano wa ukurasa mmoja: adesi kilo 25, vitunguu kilo 10, mafuta lita 4, chumvi, kuni, makato, kisha idadi ya sahani imeandikwa kwa kalamu nyingine, maana hiyo hutoka Shambat usiku, baada ya picha ya sufuria kufika kwa simu.

Pesa hutembea hivi. Inatoka kwenye till kwenda kwa mfanyabiashara wa Kisudani wa hapa Nairobi, ndugu yake kule anaiingiza kwenye Bankak, ile programu ya Benki ya Khartoum ambayo watu wameishikilia vita vyote, kisha anayehusika analipa dukani kwa simu. Muuzaji akikubali Bankak, vizuri. Akitaka noti, hapo ndipo kidonda kilipo, kwa kuwa noti zimekuwa adimu na anayekubadilishia hukata fungu lake, na fungu lenyewe lilikuwa nene. Ndiyo ile safu ya makato. Mwanzoni ilikuwa na jumla tu. Mimi nikasema hapana: andika kiwango cha mfanyabiashara peke yake na cha mbadilishaji peke yake, ujue nani anakula. Akaandika. Mwezi wa pili akabadilisha mfanyabiashara. Ushauri wangu huo niliulipwa kwa sahani ya agashe, nyama ya kuchoma iliyopakwa unga wa karanga na pilipili, na ninakiri niliwahi kulipwa fedha taslimu nikafurahi kidogo kuliko siku ile.

Pili nilitaka majina. Hesabu bila jina la aliyepokea ni hadithi, ndivyo tulivyofundishwa. Humu wapokeaji wameandikwa kwa herufi: M, B, H wa kisimani. Akakataa katakata, na aliponieleza nikaona nimeuliza kitoto. Shambat ilikuwa chini ya RSF tangu mwanzo hadi mapema 2025. Daraja lililoiunganisha na Omdurman liliporomoka Novemba 2023. Wakati ule kamanda mmoja alikuja jikoni na magunia ya unga na kijana wa kamera. Wanawake wakamwambia unga tunapokea, kamera hatupokei, akaondoka na vyote viwili. Jeshi liliporudi, wapishi wale wale wakaulizwa: mlikula vipi miaka miwili, nani aliwapa? Wa kujitolea wamekamatwa na pande zote mbili nchini humo, wengine wameuawa. Jina kwenye daftari la Nairobi ni ushahidi kwenye meza ya mtu. Basi herufi zibaki herufi, na mkaguzi yeyote atakayekuja baada yangu atalalamika kama nilivyolalamika.

Kuna kurasa mbili ninazozirudia. Ya kwanza ni ya Februari 2024, kabla sijaijua hoteli. Mtandao ulizimika karibu Sudan nzima. Mistari inakwenda: imepokewa, haijatumwa. Imepokewa, haijatumwa. Hivyo kurasa nzima, mpaka mtu mmoja alipopata pa kukaa karibu na antena ya Starlink, intaneti ya setilaiti inayolipiwa kwa saa, akatuma neno moja na picha ya chungu kilichopinduliwa. Ya pili ni ya mwisho wa Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada na majiko kwa mamia yakazima moto ndani ya siku chache, kwa sababu sehemu kubwa ya pesa ya vyumba vya dharura ilitoka huko. Jiko la Shambat nalo lilipikia fedha hizo siku nne kwa wiki. Khalti hakusema kitu kwa wateja. Kijana wa kaunta ndiye aliyesema, na wiki ile watu wakaanza kukosea till. Mtu anakula ya 400, anatuma 400 kwenye njano, anapiga uso, "Lo, nimekosea," halafu analipa tena kwenye kijani. Mpaka leo ndivyo inavyoitwa pale. Ukimwona mtu anatoka anacheka peke yake, amekosea till.

Siku nne zile hazikurudi zote. Daftari linaonyesha mbili, wakati mwingine tatu. Nayasema haya kwa sababu nimeona watu wakiisifia hoteli hii kana kwamba shilingi 50 za chai zinalisha Sudan. Hazilishi. Zinalisha mtaa mmoja, siku kadhaa, adesi bila nyama, na ukurasa unaonyesha zilipokwama.

Turudi kwenye chakula, maana kuna ya kukosoa. Kisra hutengenezwa Jumamosi pekee: ni mikate ya mtama iliyochachuka, myembamba kama karatasi ya kufungia halua, inaliwa na mchuzi wa bamia kavu za kusaga, waika. Siku ikiwa nzuri ni ajabu ya Mungu. Siku mtama ukiwa umechachuka kupita, na imenitokea mara tatu, unakunja uso kama uliyelamba ndimu. Asida yake ni ugali laini wa mtama, na Mkenya atakayeagiza akitarajia sima ya kushika atasikitika; ile ni ya kuzamisha vidole. Tamiya hukaangwa ikiisha, kwa hiyo ukija wakati mbaya utangoja dakika 20, na dakika 20 za Khalti zina 40 ndani. Kadi hawapokei. Choo kiko juu kwa watu wa saluni, ufunguo unaombwa, na mwenye nao ana mdomo. Kelele za wazee nje zinaingia ndani, na kama hujui Kiarabu utahisi unasemwa.

Chai nimeiacha makusudi. Ni ya Kericho, nyeusi, na karafuu na nanaa, kwenye bilauri ndogo yenye sukari ya kutosha watu wawili. Khalti anasema chai hii hii aliinywa Shambat maisha yake yote, kwa mama muuza chai aliyekaa chini ya mwarobaini na jiko lake la makaa, bila kujua inatoka wapi. Marufuku ilipotangazwa alicheka: sasa ili Msudani anywe chai yake ya nyumbani imebidi aje Kenya. Shilingi 50. Karkadeh ya baridi, ile tunayoiita rosela, ni 80 na ni kali kama inavyotakiwa. Kahawa ya jabana, ya tangawizi, 100 kwa birika la udongo, na haifai kunywewa na mtu mwenye haraka wala mwenye presha.

Bei hazijapanda tangu nianze, isipokuwa ful iliyotoka 300 ikawa 350. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya jiko. Akakasirika, mara pekee niliyomwona amekasirika. Hoteli ni hoteli, akasema, makaa yamepanda. Anayetaka kutoa, karatasi ya njano ile pale. Hatamtoza mtu sadaka ndani ya bei ya maharagwe bila mwenyewe kujua. Kazini kwangu nina wateja watatu wa kuwapeleka wakasikie sentensi hiyo.

Nyota: chakula nne, kwa sababu ya ile kisra. Huduma mbili na nusu. Hesabu ningetoa tano, lakini risiti za kuni bado hazipo, na nimeshasema zaidi ya mara moja, basi nne.

Hufunguliwa saa moja asubuhi, Jumatatu hupumzika. Ijumaa baada ya Isha kijana wa kaunta husoma daftari la wiki kwa sauti, kwa Kiarabu kisha Kiswahili. Huhitaji kununua kitu ili ukae usikilize, ila utanunua. Kisra huisha saa nane mchana. Chukua meza ya dirishani, ile ya karibu na friji inayumba na wameiwekea kipande cha boksi chini ya mguu, bado kina herufi mbili za kalamu nene.